Naomba ushauri: ultrasaundi ya mkononi kwa kliniki ndogo Kayole

Tabibu_Eastlands: Wakuu, mimi ni afisa wa kliniki. Nataka ile ultrasaundi ndogo ya kuchomeka kwenye simu. Mama mwenye mimba changa akija usiku tumbo linamkata, skani za mtaa zimefungwa. Butterfly ama Lumify?

MamaZawadi: Mimba ya dadangu ilitunga nje ya mfuko wa uzazi. Akaambiwa ni amiba, akapewa tembe. Alizimia ndani ya matatu Jogoo Road, tumbo limejaa damu. Nunua, kaka.

Fundi_Vipimo: Lumify, kichwa (kile kifaa unachopitisha mwilini) cha tumbo na cha mishipa huuzwa mbalimbali. Butterfly ni kimoja kwa vyote kwa sababu hutoa mawimbi ya sauti kwa chipu badala ya fuwele, ila ina ada ya kila mwaka.

Daktari_wa_Dharura: Na picha atasoma nani? Umefunzwa wapi?

Tabibu_Eastlands: Natazama video. Na nishalipa nusu, ni ya mtumba. Lakini daktari, natafuta damu tu. Weusi kati ya ini na figo la kulia hata mwanafunzi anauona.

Daktari_wa_Dharura: Ukiuona, mkimbize akapasuliwe; hapo nakuunga mkono kabisa. Hofu yangu ni usipouona. Damu ikiwa bado kidogo haionekani, nawe utamrudisha nyumbani akalale. Kama kipimo cha mkojo kinasema ana mimba na huioni ndani ya mfuko, huyo ni wa rufaa hata tumbo likiwa safi.

Mzee_Umoja: Zamani daktari alikubonyeza tumbo akajua. Siku hizi hamgusi mgonjwa. Muogopeni Mungu.

Kweli_Tupu: Ngojeni. Akaunti ya leo, tayari kataja mashine mbili kwa majina. Hakuna kliniki hapa, huyu ni muuzaji. Kesho mtaona nambari ya simu.

MamaZawadi: Muuzaji gani anasema amenunua mtumba?

Tabibu_Eastlands: Siuzi kitu! Nalipa salio Ijumaa, na mwenye mashine ananipa nywila ya akaunti yake inayoiendesha. Hapo kuna ubaya gani?

Daktari_wa_Dharura: Picha za wagonjwa wako zitaingia kwenye akaunti ya mtu mwingine. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikuruhusu. Aitoe kwanza hiyo mashine kwenye akaunti yake, ama usilipe. Na kabla ya Ijumaa, omba hospitali unakopeleka rufaa wakuruhusu kukaa na anayepiga skani, uyaone matumbo safi mengi kwanza.

Tabibu_Eastlands: Na usiku wa leo nikipata mmoja?

Daktari_wa_Dharura: Mpime mapigo na presha, mtilie maji ya mshipa, ita ambulensi.