Mjadala: Aliyeshinda kura au aliyeshika gesi? Kesi ya Manchester, 1838–1843

Mleta mada

Wakuu, salaam. Leo niwapeleke Manchester, Uingereza, kwenye ugomvi wa uchaguzi na gesi ambao nimeusoma mara tatu, na mara zote tatu nimehama upande. Nisaidieni.

Mwaka 1838 nguo za pamba za Manchester zinavaliwa dunia nzima, lakini mji wenyewe hauna meya wala diwani. Bwana wa ardhi, Sir Oswald Mosley, bado ana mahakama yake inayoteua maofisa wa mji kama enzi za mababu, na haki ya soko ni mali yake. Kazi za kila siku ziko kwa Makamishna wa Polisi, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1792. Jina lisiwachanganye. Polisi kwa lugha ya wakati ule ni utunzaji wa mji kwa jumla: kuwasha taa, kufagia barabara, kulinda usiku.

Makamishna hawa mwaka 1817 walifanya jambo la ajabu. Walijenga kiwanda cha gesi kwa fedha ya umma, bila ruhusa ya Bunge. Ruhusa ilikuja 1824, pale kampuni binafsi iliyotaka kuuza gesi ya mafuta ilipoanza kunyemelea wateja wao. Ndiyo kusema mji ambao baadaye ulikuja kuwa makao makuu ya soko huria ulikuwa na biashara ya umma kabla ya karibu miji yote ya Uingereza. Faida ya gesi ikapanua barabara, ikasaidia pia kujenga ukumbi wa mji pale King Street.

Sasa, faida inatoka kwa nani? Kwa mwenye duka. Maskini alikuwa bado na mshumaa wake. Katikati ya miaka ya 1820 wenye maduka wakaanza kulalamika kwamba bei iko juu kuliko gharama, na kwamba wao ndio wanaowajengea matajiri barabara. Wakajazana kwenye mikutano ya walipakodi, ikawa kelele na kusukumana. Suluhisho la Bunge lilikuwa nini? Sheria ya 1828: makamishna 240 wa kuchaguliwa, lakini ili upige kura lazima jengo unalokaa liwe limekadiriwa thamani ya kupangisha ya pauni 16 kwa mwaka, na ili uwe kamishna pauni 28. Watu walidai bei ya gesi ishuke, wakapunguziwa wapiga kura.

Ndipo anaingia Richard Cobden, mfanyabiashara wa vitambaa. Mwaka 1837 anaanza kampeni: Manchester iombe hati ya kifalme, ipate baraza la mji chini ya sheria ya serikali za miji ya 1835. Hati inatoka Oktoba 1838, uchaguzi unafanyika Desemba. Watu wa chama cha Tory, wahafidhina, wanasusia. Wanasema hati ni batili, kwa hiyo uchaguzi ni batili, kwa hiyo hakuna cha kugombea. Upande wa Cobden unazoa viti, Thomas Potter anakuwa meya.

Halafu vituko. Wasimamizi wa parokia, ambao kazi yao ilikuwa kukusanya kodi za wakazi, wanagoma kukusanya kodi ya baraza. Makamishna wanagoma kutoa ukumbi, walinzi na gesi. Mji unakuwa na vikosi viwili vya ulinzi. Unakuwa na wachunguzi wa vifo wawili: Rutter wa jimbo, ambaye hakukubali kuondoka, na Chapman aliyeteuliwa na baraza jipya. Mtu akifa kifo cha mashaka, hajulikani ni yupi mwenye haki ya kuuchunguza mwili na kulipwa ada. Ugomvi wao ndio uliofika mahakamani, na kesi ya Rutter na Chapman ya mwaka 1841 ndiyo iliyoamua kwamba hati ya Manchester ni halali. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuthibitisha hati za aina hiyo.

Swali langu: ile miaka mitatu na zaidi, makamishna walikuwa sahihi kung'ang'ania mpaka mahakama iseme? Mimi leo nasema hapana. Walijua baraza ni halali. Walichokuwa wanakilinda ni sanduku la gesi. Nipingeni.

Mhasibu Mstaafu

Nakupinga, tena nianze na huyo msimamizi wa parokia uliyempitia harakaharaka. Jiweke kwenye viatu vyake. Anatakiwa agonge mlango wa mtu adai kodi ya baraza ambalo nusu ya mji inasema halipo. Kesho mahakama ikisema hati ni batili, nani anarudisha hela? Aliyekusanya. Na aliyekuwa akikataa kulipa hakuwa mama ntilie, alikuwa mtu mwenye wakili. Mimi nimefanya kazi ya kukusanya mapato miaka mingi, na nakuambia: karani haweki saini kwenye risiti ya chombo chenye kesi. Huo si ukaidi, ni kujilinda.

La gesi ni jingine. Mnaita faida. Mimi naita kodi isiyopigiwa kura. Kodi ya majengo ilikuwa na kitabu: jina lako, jengo lako, thamani, kiasi. Ukionewa unakata rufaa. Ya gesi imefichwa ndani ya bei, huioni. Aliyepanga bei ni kamishna, na kamishna ni mwenye jengo la pauni 28 kwenda juu, yaani mtu yule yule ambaye kodi ya majengo ikipanda ndiye inayemuuma. Unadhani atachagua kupandisha ipi?

Fundi Bomba

Mhasibu umesema kweli, lakini nyote mmeiruka sehemu ninayoijua mimi.

Wachunguzi wa vifo wawili inawezekana. Vikosi viwili vya ulinzi inawezekana, vinapishana tu barabarani na kutukanana. Viwanda viwili vya gesi kwenye mtaa mmoja, hapo ndipo pagumu. Gesi ya zama zile ilikuwa inaokwa: makaa ya mawe ndani ya vyungu vya chuma vilivyofungwa, moto chini, hewa inatoka, inasafishwa kwa chokaa, inaingia kwenye tangi kubwa linalopanda na kushuka juu ya maji, na uzito wa tangi ndio unaoisukuma mabombani. Gharama kubwa iko chini ya ardhi. Ukishalaza mabomba, nyumba ya ziada kuiunganisha ni rahisi. Anayekuja wa pili analazimika kuchimbua barabara ile ile kugombea wateja wale wale.

Kwa hiyo baraza la Potter lingeweza kuajiri askari wake, na liliajiri. Gesi lisingeweza kuianzisha upya. Makamishna walikuwa na bidhaa ambayo mji haukuweza kuinunua kwingine, na wateja waliendelea kulipa usiku kwa usiku bila kuuliza hati imefikia wapi. Baraza lilikuwa na kura na halina hata senti ya kodi, likaishi kwa kukopa. Chukueni hiyo mkaipime.

Halafu kuhusu bei. Mita hazikuwa zimeenea. Kawaida ya zama zile mteja alilipa kwa idadi ya midomo ya taa na saa alizokubaliana kuwasha. Umeandikisha mpaka saa mbili usiku, mkaguzi anapita, anaona dirisha bado linang'aa, anaandika. Fikiria mwenye duka Jumamosi usiku, wafanyakazi wa viwandani wametoka kupokea mshahara, duka limejaa, na nje kuna mtu wa makamishna anahesabu taa. Mimi ningeenda kwenye ule mkutano kupiga kelele pia.

Mlipa Bili

Hapa Tanzania kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU ukinunua umeme. Sijasema kitu, napita tu.

Mleta mada

Mlipa Bili umetuchokoza 😄 Lakini tofauti ipo: hiyo imetajwa kwenye sheria na unaiona kwenye risiti. Ya Manchester ilikuwa ndani ya bei. Tusitoke huko kwanza.

Binti wa Kiwandani

Mnaongea kama vile Manchester ilikuwa na watu wa aina mbili, makamishna wenye gesi na kina Cobden wenye kura. Wafanyakazi wako wapi kwenye hadithi hii?

Wengi waliipinga hati, na hawakuwa Tory. James Wroe, muuza vitabu, mtu wa siasa kali za wanyonge tangu siku za mauaji ya Peterloo ya 1819, askari walipovamia mkutano wa watu hapo hapo Manchester, alisimama upande mmoja na Tory kuipinga. Mwoneni kichaa, lakini sikilizeni hoja. Baraza jipya maana yake kikosi kipya cha polisi, na polisi wapya walikuwa wanajulikana kazi yao: kuvunja mikutano na migomo. Waliokuwa wanaomba hati walikuwa wenye viwanda, waajiri wao. Huyo anayekupunguzia mshahara leo, umpe na rungu?

Na maombi yenyewe yalichakachuliwa kwa mtindo tunaoujua. Waombaji walipeleka saini karibu 12,000, wapinzani zaidi ya 30,000. Serikali ilipotuma watu kupitia majina, saini nyingi zikafutwa, hasa za wapinzani. Lakini angalia kilichobaki: pande zote mbili zilikuwa na maelfu halali. Mji ulikuwa umegawanyika kwelikweli. Kusema makamishna "walijua baraza ni halali" ni kuwasomea mioyo.

Halafu jiulizeni serikali kuu ilifanya nini Agosti 1839. Polisi haikuwaachia baraza wala makamishna. Ilileta kamishna wake, Sir Charles Shaw, askari wa vita, akaushika ulinzi wa mji, gharama juu ya wenyeji. Birmingham na Bolton, zilizokuwa na hati zenye utata wa aina ile ile, zikafanyiwa hivyo hivyo. Mafahali wawili walipigana, nyasi zikaletewa mwenye mifugo. Cobden na wenzake waliomba kujitawala wakapata bosi kutoka London.

Mhasibu Mstaafu

Binti, hapo kwenye polisi nakuvulia kofia. Lakini baraza la 1838 lilichaguliwa na walipakodi wakazi bila kile kizingiti cha pauni 16. Kama unawatetea wanyonge, hesabu hiyo iko upande wa hati.

Binti wa Kiwandani

Ilikuwa hivyo kwenye karatasi, mzee wangu. Sheria ilitaka uwe umekaa na kulipa kodi zaidi ya miaka miwili mfululizo, jina lako likiwa kwenye kitabu. Mpangaji wa chumba ambaye kodi ya jengo inalipwa na mwenye nyumba, jina la nani limeandikwa? Waliopungukiwa na pauni 16 waliingia kiasi. Waliohamahama kufuata kazi walibaki nje kama kawaida.

Mleta mada

Nimehama tena. Mnaona tabu yangu?

Nafuta kauli ya kwamba makamishna walijua. Ila nabaki na kitu kimoja, na naomba Fundi na Mhasibu wakiangalie. Mwaka 1842 upinzani ulipoisha nguvu, polisi wakarudishwa kwa baraza, na sheria ya 1843 ikahamishia kwake mamlaka ya makamishna, gesi ikiwemo. Hawa ndio wale waliokuwa wanasema makamishna ni chombo cha wachache. Mlitegemea wafanye nini na bei? Waliendelea kuuza gesi kwa faida na kuipeleka kwenye maboresho ya mji. Miaka miwili mitatu baadaye walimnunua hata Mosley, haki zake zote za ubwana pamoja na soko, kwa pauni 200,000.

Kwa hiyo kumbe ubishi wa miaka ya 1820 haukuwa na mshindi. Wenye maduka walipata baraza walilolichagua, bei ikaendelea kuwa na kodi ndani yake.

Fundi Bomba

Mkuu, kuna tofauti moja. Kamishna wa 1828 ukimchukia, unamfikia vipi kama jengo lako ni la pauni 12? Diwani wa 1843 anarudi kwenye kura, na theluthi ya madiwani wanachaguliwa kila mwaka. Bei ile ile, lakini sasa ina mtu wa kuulizwa.

Na angalia walivyofanya kwenye maji. Walipopata sheria ya 1847 wakaanza kujenga mabwawa ya Longdendale chini ya mhandisi Bateman, mwaka 1848, kisha wakainunua kampuni ya maji iliyokuwepo. Huko walitoza kwa kufuata thamani ya nyumba, kiasi kilichojulikana, kitabu mezani. Gesi ilikuwa ya kuuza, maji yakawa ya kodi. Watu wale wale, ukumbi ule ule.

Mhasibu Mstaafu

Ndiyo maana nasema niwekeeni vitabu vya gesi vya 1838 hadi 1843 mezani, kabla hamjaniuliza nani alikuwa halali. Nataka kuona faida ya ile miaka ya mzozo ilienda wapi, wakati baraza linakopa na mitaa haijafagiliwa.

Mlipa Bili

Mhasibu hajastaafu huyu.