Mgeni kaomba "juice", nikampelekea ukwaju, kagoma kulipa. Nishaurini

Mhudumu_Paje
Asalaam aleikum wana jukwaa. Mie mhudumu kwenye mkahawa mmoja wa ufukweni huku Paje, mwaka wa pili sasa. Kiingereza changu hakinilazi na njaa, ila wiki hii kimenitia aibu mara tatu mfululizo, na bosi kasema la nne atalikata kwenye mshahara.

Jumatatu ilikuja familia kutoka Glasgow, Uskochi. Baba mtu kaagiza "juice" tano. Nikafurahi, maana juisi ndo fahari yetu, ukwaju tunauloweka wenyewe tangu usiku. Nikashusha glasi tano. Watoto wakaonja, nyuso zikajikunja kama wamelambishwa shubiri. Kumbe walitaka Fanta! Baba akanambia kwao juice ndo hiyo yenye gesi. Nikadhani ananitania.

Jumatano, mama wa makamo kutoka Georgia, Marekani. Kaomba "coke". Nikafungua Coca-Cola mbele yake, tsss. Akashangaa: mbona hukuniuliza ipi? Alikuwa anataka Sprite. Chupa ishafunguliwa, kalipa nani? Mie.

La tatu hata kulisema naona haya. Kijana wa Chicago kaomba "pop", nami nikaenda jikoni kuuliza kama tuna bisi. Kumbe naye alitaka soda.

Sasa nauliza: nimuulizeje mgeni bila kuonekana bwege? Na kwenye menyu tuandike neno gani?

Darajani_Mtaa_wa_Tatu
Yakhe, bisi! Nimecheka mpaka abiria wenzangu kwenye daladala wamegeuka. Pole lakini.

Mwana_wa_Wete
Usijilaumu, wenyewe hawaelewani. Mie nilisoma Milwaukee, Marekani, pale wanasema soda kama sisi. Ukipanda basi kwenda Minneapolis ushakuwa mgeni, huko ni pop. St. Louis nako soda, wakati majirani wao wengi wanasema pop. Kusini ndo coke kwa kila kitu, hata iwe ya machungwa, na mhudumu wa huko lazima aulize "coke gani?" Yule mama hakukuonea, ndo alivyozoea. Coca-Cola ilizaliwa kwao, Atlanta, 1886, jina la chupa moja likazimeza nyingine zote. Usiwacheke: sie dawa yoyote ya viatu si twaita kiwi? Sabuni ya unga si omo hata iwe ya kampuni gani?

Mwanaisimu Bert Vaux, wakati huo akiwa Harvard, aliwahi kuwauliza Wamarekani kinywaji hicho chenye gesi wanakiitaje, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zaidi ya nusu walijibu soda, robo hivi pop, coke kama 12 kwa mia. Na hiyo pop ni mlio tu wa kizibo kikiruka. Mshairi wa Kiingereza Robert Southey aliuandika mwaka 1812, kwa hiyo si uhuni wa vijana wa Chicago.

Jihadhari na wengine pia. Mzee wa Boston akikwambia "tonic" usimpeleke duka la dawa. Wa Ireland akisema "minerals" usimpe maji ya chupa. Wa Afrika Kusini atasema "cold drink". Wote hao wanataka soda.

Mzee_wa_Malindi
Nyie watoto mnawacheka wageni, wazee wenu je? Sie utotoni tulikunywa namleti. Chupa ina gololi shingoni, gesi ndo inayoibana kwa juu, unaisukuma kwa kidole mpaka izame, ndo unywe. Tulizivunja tukapate gololi za kuchezea, na bakora tulizila. Namleti hiyo ni "lemonade" ya Waingereza, imepita midomoni mwetu ikatoka na sura nyingine.

Na hapo pana mtego, mwanangu. Mwingereza akikuomba lemonade, mpe Sprite. Mmarekani akikuomba lemonade, mkamulie ndimu na sukari, gesi hataki.

Fundi_Mandazi
Soda yenyewe si magadi tu? Ndo hayo natia kwenye maharage. Naendelea kusoma.

Mgeni_toka_Mwanza
Mie mbara niliyehamia huku. Siku ya kwanza Forodhani nikaomba soda ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji. Mzungu mmoja anayejifunza Kiswahili akaniuliza kama wanaichemsha.

Nungwi_Jikoni
Mengine yote hadithi. Fanya hivi: acha kuuliza kwa neno, uliza kwa chupa. Panga chupa moja moja kwenye sinia, nenda nalo mezani, aguse anayoitaka. Usifungue kabla hajagusa! Kwenye menyu futa "vinywaji baridi", andika jina la kila chupa na bei yake. Juisi iandikwe mbali kabisa, na useme ni ya matunda.

Na hilo la mshahara, nenda kazungumze na bosi wako kwa adabu akiwa peke yake. Menyu kaiandika yeye, wewe umeisoma tu.

Mhudumu_Paje
Ahsanteni sana, na shikamoo Mzee wa Malindi. Bosi kalainika kidogo, kasema menyu mpya atachapisha mwezi ujao. Sinia nimeanza nalo.

Jana kaja mzee wa Dublin, kaomba "minerals". Nikatabasamu kama mjuzi, nikaleta sinia, kagusa Stoney Tangawizi. Kainywa, kaipenda, kaomba ya pili. Sasa anataka kuondoka na chupa kama kumbukumbu, na chupa zetu ni za kurudisha kreti. Hilo nalo nimwambieje?