Ukoo Wetu ❤️: mgongo wa Bamdogo

Bamdogo Hamisi: Habari za leo wanaukoo. Nimetoka kwa yule mtu wa kairopraktiki, wa kunyoosha mgongo kwa mikono. Nimelazwa kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu la kuingizia uso, nikasikia mikono miwili kiunoni halafu KAAA kama kuni kavu. Nimeinuka mwenyewe. Jana soksi nilivalishwa

Shangazi Rehema: Alhamdulillah!!! Si nilisema mimi. Wiki zote hizo mnampa vidonge tu

Zai: Hongera bamdogo 🙏 kwani leo siku ya ngapi tangu kiuno kikamate?

Bamdogo Hamisi: Kama ya 18 hivi

Zai: Basi mjue kiuno cha ghafla mara nyingi kinaachia chenyewe ndani ya wiki chache, mradi mtu asilale tu kitandani. Ukienda wiki ya tatu, hata ukapuliziwa sikio, utatoka umepona

Shangazi Rehema: Zai usianze

Zai: Sianzi shangazi. Wala sijasema ni uongo. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2017 (American College of Physicians) umeitaja hiyo ya kunyooshwa mgongo kati ya vitu vya kujaribu kabla ya dawa, pamoja na kukandwa na kuweka kitu cha moto. Uingereza nao wanaikubali ila wanataka iende na mazoezi. Kwa kiuno inasaidia kidogo, karibu sawa na mazoezi yenyewe. Hapo sina ugomvi

Idi: kwahiyo ni halali au sio halali nesi wetu Zai 😂

Bamdogo Hamisi: Ngojeni sasa hapa ndo mnisaidie. Amenitundikia eksirei kwenye taa akanionyesha na kalamu, pingili tatu zimehama zinabana mishipa ya fahamu, ndo maana hata presha inapanda. Niende mara 3 kwa wiki kwa miezi 3, baadae mara moja kwa mwezi maisha yangu yote. Anaita matengenezo. Malipo yote mbele, na punguzo lipo nikisaini leoleo

Idi: MATENGENEZO. bamdogo ushakuwa gari

Zai: Usisaini!!

Zai: Hayo ya pingili kuhama yana historia yake. Aliyeanzisha hii kitu ni D.D. Palmer, Davenport, Iowa, mwaka 1895. Kabla ya hapo alikuwa anatibu watu kwa kuwawekea mikono, akiamini mwili una nguvu kama ya sumaku. Siku hiyo akabonyeza mgongo wa mfanya usafi wa jengo, Harvey Lillard, mtu asiyesikia vizuri, akatangaza kuwa amesikia tena. Baadae akaandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa yanatokana na pingili kuhama. Sasa mshipa wa kusikia unatoka sikioni unaingia kwenye ubongo moja kwa moja, mgongoni haupiti kabisa

Shangazi Rehema: Mambo ya 1895 yanahusu nini na kiuno cha Hamisi

Zai: Yanahusu kwa sababu ndo ameuziwa leo asubuhi shangazi. Hata baraza linalowasimamia hao watu Uingereza lilitoa tamko 2010 kuwa hakuna utafiti wa kuonyesha hiyo kuhama kunaleta magonjwa. Wasimamizi wao wenyewe hao, sio mimi. Na ile KAAA sio mfupa unarudi mahali pake, ni gesi kwenye ule ute wa kiungo, sawasawa na ukialisha vidole

Idi: kuna daktari mmoja Marekani Donald Unger, mama yake na mashangazi zake walimwambia ukialisha vidole utapata yabisi, akaalisha vya mkono mmoja tu miaka 60 ili awakomoe 😂😂 mwisho mikono yote ikawa sawa, 2009 wakampa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti za kuchekesha

Shangazi Rehema: Mashangazi tumefanya nini tena

Shangazi Rehema: Haya niseme langu. Mwaka jana nilikaa hospitali masaa manne, daktari akaniandikia dawa hajanyanyua uso kwenye kompyuta. Hajanigusa mgongo hata kwa kidole! Huyu mwingine aliniuliza nalala upande gani, nanyanyua ndoo kwa mkono upi, akanishika kila pingili taratibu. Nusu saa nzima. Nilikaribia kulia. Sasa nyie madaktari mnawaonea wivu hawa watu mnawapiga vita

Zai: Kwenye vita una pointi. Chama cha madaktari cha Marekani kiliwakataza madaktari kushirikiana nao kabisa, watu wa kairopraktiki wakakishtaki 1976, na 1987 jaji akasema chama kilivunja sheria ya ushindani. Ila kesi ilikuwa ya kuwafungia watu milango, haikuthibitisha kuwa mgongo unatibu presha

Zai: Na hiyo ya kutokuguswa shangazi, pole. Ni aibu yetu kweli

Neema: Jamani samahani naingilia. Kwani na watoto wachanga wanafanya? Wangu anakunja miguu analia kuanzia jioni mpaka mie nalia nae. Wiki ya sita hii. Niliona wameandika pale nje wanatibu chango la watoto

Shangazi Rehema: Mpeleke mwanangu, wao wanagusa kwa ncha ya kidole tu kama unapima joto la maji

Zai: HAPANA

Zai: Kama ni ncha ya kidole tu, inanyoosha nini? Na kama inanyoosha kitu, mnaiachaje iende kwenye uti wa mgongo wa mtoto wa wiki sita? Chagueni moja. Neema, wiki ya sita ndo kilio kinafika kileleni, watoto wengi kinaisha miezi 3 mpaka 4. Ukimpeleka sasa atapoa, halafu sifa watachukua wao

Zai: Simon Singh, mwandishi wa sayansi, aliandika hayahaya kwenye gazeti la Guardian la Uingereza 2008, kwamba madai yao ya kutibu chango na pumu za watoto hayana ushahidi, chama chao Uingereza kikamshtaki. Miaka miwili mahakamani, wakaifuta kesi wenyewe 2010. Mtoto akiwa na homa, au anatapika kijani, au hanyonyi, usisubiri, daktari mara moja

Neema: Hana hivyo. Ni kilio tu

Bamdogo Hamisi: Zai turudi kwangu. Keshokutwa amesema tutafanya shingo

Zai: Shingo usikubali bamdogo. Kuna mishipa miwili ya damu inapita ndani ya matundu ya pingili za shingo kwenda kwenye ubongo. Shingo ikizungushwa ghafla vile, mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, ukapata kiharusi. Ni nadra, na wengine wanaenda pale mshipa tayari umeshaanza kuchanika ndo maana shingo inawauma, kwahiyo hata kujua kipi kilitangulia ni kazi. Lakini wewe shingo haikuumi! Unaenda kuzungushwa shingo ya nini

Zai: Na ukiona mkojo unagoma au unatoka wenyewe, au ganzi sehemu ya kukalia, hapo hamna cha kunyoosha, kimbia hospitali usiku huohuo

Bibi: 🎤 0:52

Idi: kwa wasio na spika: Bibi anasema Hamisi ananyanyua mitungi ya maji ameinama kama anachuma kitu chini tangu ana miaka 15 na alimkataza, na hakuna aliyempigia simu leo

Bamdogo Hamisi: Nakupigia sasa hivi mama

Bamdogo Hamisi: Nimemtumia meseji yule bwana. Kiuno tu, mara mbili, nalipa kila nikienda. Shingo hapana. Kajibu "sawa" bila nukta

Shangazi Rehema: Zai hayo mazoezi ya kiuno nitumie na mimi. Pembeni, sio hapa

Shangazi Rehema: Neema niletee mtoto saa kumi na moja, nitatembea nae mimi, wewe lala