Tupeane uzoefu: ukikutana na neno usilolijua, maana yake unaipataje?

Mtoto wa Isevya (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Tabora mjini. Wengi wanaoniletea karatasi hawaji kuchapa, wanakuja kuuliza: "Kijana, hili neno ndiyo nini?" Mimi sijasomea Kiswahili. Nabahatisha kama wao, ila mimi nabahatisha nikiwa nyuma ya kompyuta, basi wananiamini.

Kilichonifanya nilete uzi huu ni baba yangu mdogo. Mwaka juzi jirani yake alimwomba amwekee sahihi kwenye fomu ya mkopo. Fomu ni ya Kiswahili kitupu, na chini kabisa pameandikwa MDHAMINI. Sasa baba mdogo ni mtu wa mpira, redio haimtoki sikioni. Mdhamini anayemjua yeye ni yule wa ligi: anatoa hela, jina lake linakaa kwenye jezi, msimu ukiisha anashukuriwa. Akapiga hesabu zake. Hapa hela inatoka kwa nani? Kwa wakopeshaji. Basi wadhamini ni wao, na yeye anasaini kama shahidi tu. Akasaini, akaandika na namba ya kitambulisho, akanunuliwa soda.

Miezi minne haijaisha, jirani kahamia Mpanda na wakopeshaji wamesimama mlangoni wanaulizia pikipiki ya baba mdogo.

Ile fomu nimeisoma mara nyingi sana. Mistari miwili juu ya sahihi yake pameandikwa kwamba mkopaji akishindwa, mdhamini atalipa deni lote. Maana ilikuwa palepale! Lakini nani anatafuta maana ya neno analolijua? Lingekuwa neno geni angesimama akauliza. Na wala hakukosea moja kwa moja: wa ligi ni mdhamini, anayemtolea mtu dhamana mahakamani ni mdhamini, na msikiti wetu nao una bodi ya wadhamini. Neno moja, kazi tatu. Pikipiki ikaenda.

Tangu siku hiyo sijibu swali la mtu kabla sijasoma sentensi ya juu na sentensi ya chini. Nyie wenzangu mnafanyaje? Leteni na za kuchekesha.

Kinyozi wa Gongoni

Pole kwa baba mdogo. Mimi wakicheka nacheka, wakinuna nanuna. Napiga kambi hapa.

Mama Dagaa

Mimi niko Kigoma, nauza dagaa Kibirizi, na wateja wangu wengi wanavuka ziwa kutoka Uvira na Kalemie. Watu husema Kiswahili ni kimoja. Ni kweli, mpaka pesa iingie katikati.

Mwanzoni nilikuwa nashika nusu tu ya maneno yao. Kisha nikagundua kitu, sikufundishwa na mtu: penye v yetu au w yetu, mara nyingi wao wanatia b. Bitu ni vitu, batoto ni watoto, bitenge ni vitenge. Siku niliyolishika hilo, maneno mia yalifunguka kwa mpigo. Halafu ikaja -ka ya mwishoni. Mtu anakwambia fulani "anakuyaka hapa", nami najua -ka- ya "akaja akaondoka", nikadhani huyo mtu alishapita nimemkosa. Kumbe ni mazoea: huwa anakuja. Hiyo niliipata kwa kusikiliza wanaiweka wapi. Hawaiweki kwenye kisa cha jana, wanaiweka kwenye jambo la kila siku.

Nikajiona nimehitimu. Basi mama mmoja mtu mzima, mteja mzuri, akaniambia, "Niwekee magunia mbili, nitakuya siku ya tatu." Siku ya tatu, Jumatatu, hapo kuna cha kuuliza? Jumatatu toka alfajiri magunia yako mlango wa stoo. Wanunuzi wakaja, wengine wanapakia kwenda Dar, nikawakatalia, yana mwenyewe. Jumanne mvua ikanyesha, gunia moja likala maji kwa chini. Jumanne jioni nikamwachia kijana mmoja kwa bei ya kunifukuzia hasira. Jumatano saa nne asubuhi huyo hapo anateremka, kitambaa kichwani, pochi kwapani: "Mama, bitu yangu iko wapi?"

Wenzetu wanahesabu kuanzia siku kazi inapoanza. Jumatatu yetu kwao ni siku ya kwanza, ya pili ni Jumanne, ya tatu ni Jumatano. Sisi tumeanza kuhesabu Jumamosi. Wote tunasema tatu, na wote tuko sahihi, na mimi ndiye niliyekula hasara.

Nilichojifunza: simuulizi mtu maana ya neno lake, maana ukimuuliza analirudia lilelile kwa sauti ya juu. Namuuliza, "Kesho kwenu ni siku ya ngapi?" Jibu likija ndiyo najua.

Mjukuu wa Ujiji

Mama Dagaa, na hiyo wiki yetu ukiikagua ni kichekesho. Jumatano ni ya tano kwa Kibantu, na Alhamisi ni ya tano kwa Kiarabu. Tuna siku mbili za tano zimefuatana na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mimi njia yangu ni ya madrasa. Neno lenye sura ya Kiarabu nalivua irabu, naangalia konsonanti zilizobaki. Hakimu, hukumu, mahakama, hekima: h-k-m, ukoo mmoja. Katibu, kitabu, maktaba: k-t-b. Marehemu baba alipoondoka tukaanza kupokea makaratasi ya mirathi. Neno hilo nilikuwa sijalitumia maishani, lakini urithi najua, mrithi najua, r na th zimo, nikamwambia mama hii ni habari ya mali ya baba. Sawa kabisa. Na sheria ilivyobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, maneno haya sasa yanatufikia wenyewe badala ya kubaki kwa mawakili.

Ila njia hii ina shimo, na mama ndiye aliyetumbukia. Akaambiwa siku ya shauri aje na hati. Hakulala! Hati, hatia, si mtu na ndugu yake? Asubuhi namkuta ameshika tasbihi, ananiuliza amekosa nini yeye. Kumbe kwa Kiarabu yale ni maneno mawili ya mbali, moja la maandishi, jingine la kosa. Mwanzo wao ni mmoja, kh na t ileile, ila herufi ya mwisho ya mzizi ndiyo tofauti. Sisi tumeyapitisha kwenye mdomo mmoja wa Kiswahili yakatoka mapacha. Kwa hiyo ukoo wa neno nauchunguza, lakini simkabidhi nyumba.

Jembe la Urambo

Yangu fupi maana inauma. Nilikuwa na bustani ya nyanya, wadudu wameingia. Nikaenda duka la pembejeo, muuzaji hayupo, kuna mtoto. Nikasoma chupa mwenyewe. Imeandikwa "kiuagugu". Kiua! Nikaishia hapo, nikalipa.

Nimejaza bomba la mgongoni, nimepuliza matuta yote kwa raha zangu. Wiki haijaisha, bustani imekuwa rangi ya tumbaku iliyotoka kukaushwa banini. Wadudu wao walihamia kwa jirani wakiwa wazima.

Sasa nalikata neno mpaka mwisho. Kiuadudu: ki, ua, dudu. Kiuagugu: ki, ua, gugu. Mimi gugu moja silijui, shambani kwangu nina *magugu*, hiyo ma- ilipoondoka sikuitambua sura yake. Linalonisumbua mpaka leo ni kiuatilifu. Nilidhani ni "timilifu", yaani kinaua kila kitu kwa ukamilifu.

Kasulu Kwetu

Jembe, hiyo tilifu ni ya kutilifisha, kuharibu. Kiuatilifu kinaua viharibifu vya mazao. Ni jina la familia nzima, kiuadudu na kiuagugu wote ni watoto wake. Ukiomba kiuatilifu tu dukani, ni kama kuomba "chakula" hotelini.

Nafundisha msingi huku Kasulu. Darasani nina mchezo mmoja na haugharimu kitu: neno gumu lifunike kwa kidole, soma sentensi bila hilo neno, tia la kwako, uone sentensi inasimama au inaanguka. Juzi tulikuwa na sentensi hii: "Mvuvi alirudi mikono mitupu, uso umemsawijika." Wakafunika. Mmoja akasema umemkunjamana. Mwingine, umemnyong'onyea. Hao wameshafika, sawijika wataipata kwenye kamusi baadaye kwa kuthibitisha tu. Wa tatu, kitoto cha nyuma kabisa, akasema, "Umemlowa."

Darasa likaangua kicheko. Nikamuuliza kwa nini. "Si mvuvi, mwalimu? Ametoka ziwani."

Huyo sikumkosoa mbele ya wenzake kwa sababu hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko ya wengine walionyamaza. Alitafuta jirani wa neno, ila akagonga mlango usio wake. Alimsikiliza "mvuvi", angeisikiliza "mikono mitupu". Tukaisoma tena, safari hii nikamwambia ashike kwa kidole kile kinachomhuzunisha huyo mvuvi. Akakipata mwenyewe.

Na jamani, kamusi. Kila mwaka kuna mtoto anakuja, "Mwalimu, kamusi haina neno nyufa." Hata kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 nyufa utaikuta, ila imelala kwa U, kwenye ufa. Ndimi nenda ulimi. Nyaraka nenda waraka, na hapa hata watu wazima wa maofisini wanapotea. Kitenzi ndiyo zaidi: "walivyoelekezana" usikitafute kwa W, vua nguo zote mpaka ubaki na elekea.

Mgeni wa Ipuli

Hiyo ya kuvua nguo imenikumbusha aibu yangu. Mimi mtu wa Tanga, nimeoa Tabora. Kabla sijafika ukweni, mama mkwe akapiga simu: "Baba, nimekuwekea matobolwa na michembe."

Nikakaa kitako na elimu yangu. Matobolwa: toboa, tobolewa, basi ni vitu vilivyotobolewa. Michembe: chembe, ndogondogo, basi ni nafaka fulani. Nikamwambia mke wangu kwa kujiamini kabisa, mama ametuwekea maandazi yenye tundu na ulezi.

Nimefika, sahani imekuja. Viazi vitamu. Vyote viwili ni viazi vitamu! Matobolwa vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa. Michembe vinakatwa vibichi, vinaanikwa. Natafuta tundu silioni. Mke wangu akanisimulia mbele ya mashemeji zangu, na mpaka leo nikiingia pale wananiita Baba Tundu.

Mjukuu wa Ujiji

Baba Tundu 😂 Uchambuzi wako haukuwa na kosa, ila ulikwenda na kisu cha Kiswahili kwenye neno la wenyeji.

Mstaafu wa Reli

Wanangu, shikamooni zenu nimeshazipokea. Mimi maneno nimeyasoma kwa macho. Naanza kazi kijana kabisa, msimamizi ananiambia, "Kakague mataruma kutoka hapa hadi kwenye daraja." Sikuuliza, tulikuwa tunaogopa kuuliza. Nikamfuata mwenzangu mzee, nikawa naangalia anainama wapi. Reli haiangalii. Kokoto anazipita. Anagonga mbao zilizolala chini ya reli, moja baada ya nyingine, anasikiliza mlio. Mbao iliyooza inajibu tofauti. Basi nikajua taruma ni lipi, na nikajua na kazi yake, kwa siku moja. Kamusi ingenipa la kwanza tu.

Na kwa kuwa mmetaja asili za maneno: hela mnayoitafuta kila siku ni ya Mjerumani, ilikuwa sarafu yake ndogo, Heller. Hapa Tabora mwaka 1916, vita imewabana, waligonga sarafu kwenye karakana ya reli: za shaba za heller 5 na 20, na ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Lakini ukijua hayo yote, bado haikusaidii kumwelewa kijana anayekwambia "sina hela." Hapo sikiliza sauti yake.

Kinyozi wa Gongoni

Shikamoo mzee. Kumbe na mimi wa kucheka wakicheka nina njia, ni hiyohiyo ya kuangalia mtu anainama wapi.

Mstaafu wa Reli

Marahaba. Ila wewe usicheke kabla hujajua mbao ipi imeoza.

Mama Dagaa

Mleta uzi, baba mdogo anaendeleaje? Pikipiki ilirudi?

Mtoto wa Isevya

Haikurudi, mama. Anatembea kwa miguu na anasema afya imekuwa nzuri. Ila sasa haachi karatasi yoyote ipite. Jana ameletewa kadi ya mchango wa harusi, kaja nayo kibandani, hataki kutoa hata shilingi mpaka nimsomee sentensi ya juu na ya chini. Nimemsomea jina la bwana harusi na jina la ukumbi. Akaniuliza, "Na pa kusaini ni wapi?" Nikamwambia hakuna. Ameigeuza nyuma, ameitazama kwenye mwanga, ndipo akatoa elfu kumi.