Naomba ushauri: mvuke wa petroli wakati wa kushusha na kupakia meli

Wakuu, heshima kwenu. Nipo kitengo cha usalama kwenye ghala la mafuta karibu na gati. Meli ikishusha petroli, matangi yetu yenye paa la kudumu yanapojaa husukuma nje mvuke uliokuwa ndani, na kusi inaupeleka moja kwa moja kwenye nyumba za majirani. Mvuke huo una benzeni, inayosababisha saratani ya damu. Siwezi kulinyamazia.

Kupakia meli ndogo ndiko kunakonitesa zaidi. Tunaanza taratibu, mita 1 kwa sekunde, hadi mdomo wa bomba ufunikwe na mafuta, lakini mvuke bado unatoka. Kanuni ya 15 ya Kiambatisho cha VI cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, inahusu jambo hilihili. Kwetu hakuna hata bomba la kuupokea mvuke nchi kavu.

Uongozi umekubali tuanze na kitu kimoja. Naegemea paa linaloelea juu ya mafuta ndani ya tangi, maana halihitaji umeme, ingawa kwa upande wa meli halisaidii kitu. Mliowahi kufunga mtambo wa kaboni wa kunasa mvuke, unahimili unyevu wa pwani? Na vizuia moto, vile vya kuzuia mwali usipite ndani ya bomba la mvuke, mnaviweka wapi, karibu na meli au karibu na mtambo?