Waya wa HDMI kwenda DisplayPort hauleti picha

Mchora ramani: Wakuu, naomba msaada. Nachora ramani za nyumba na macho yamechoka na kioo kidogo cha laptopu. Jana nimenunua monita iliyotumika hapa Kariakoo, inchi 24, nyuma ina matundu matatu tu ya kupokea picha: VGA moja na DisplayPort mbili. Laptopu ina HDMI, nikachukua waya wenye HDMI upande mmoja, DisplayPort upande wa pili. Umeingia vizuri, lakini monita inawaka sekunde chache kisha inazima. Nimeuziwa mbovu?

Fundi: Usiirudishe kwanza, mkuu. Waya wa aina hiyo kwa kawaida unapitisha picha njia moja tu: DisplayPort lazima ikae upande wa kompyuta. Kutoka HDMI kwenda DisplayPort unahitaji kigeuzi chenye umeme wake, kile chenye kimkia cha USB. Ila kabla ya kutoa hela, angalia tundu la Type-C la laptopu, lile dogo la USB lenye kona za mviringo. Pembeni kuna alama ya radi, au herufi D na P zilizoshikana? Ikiwepo mojawapo, linatoa picha; kama linachaji tu, halitoi.

Mdau: Na VGA achana nayo kwa kazi yako. Ni ya mwaka 1987, mistari myembamba inafifia.

Mchora ramani: Radi ipo! Nimepata waya wa Type-C kwenda DisplayPort, kuta zote zinaonekana kali. Asanteni sana. Ila huu wa zamani umegoma kuchomoka kwenye monita.

Fundi: Usivute! Bonyeza kitufe kilicho kwenye kichwa cha waya, vijino viwili vitaachia.