Bibi ninayemhudumia kazini kila jioni anasubiri treni ya mwaka 1939

Mama Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Uingereza, zamu ya mchana hadi saa nne usiku. Kuna bibi wa miaka 93, kumbukumbu zinampotea. Ikifika saa kumi na moja jioni anavaa koti, anatia vitu vyake kwenye foronya, anasimama mlangoni. Juzi aliniomba karatasi na pini nimbandikie jina lake kifuani. Nikambandikia. Akaniambia, "Usikubali mdogo wangu achukuliwe na mtu mwingine." Nilikwenda chooni nikalia.

Mwanawe anasema wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitolewa mashariki ya London akapelekwa kijijini Somerset, akiwa na miaka saba, na maisha yake yote hakutaka kuyasimulia. Shuleni nilisoma habari za askari wetu waliopelekwa Burma, lakini za watoto hawa sikuwahi kuzisikia. Walichukuliwaje? Na mimi nimjibu nini? Mwenzangu wa zamu humwambia, "Vita vimekwisha, mama yako alishakufa." Basi analia upya kama msiba umemfika leo.

Mwalimu Mstaafu
Binti yangu, serikali yao ilihofia mabomu ya ndege za Ujerumani. Ilianza kuwahamisha tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla ya Uingereza kutangaza vita. Kwa siku tatu walitolewa mijini watu kama milioni moja na nusu: wengi ni wanafunzi na walimu wao, pamoja na kina mama wenye watoto wachanga. Mtoto alibeba barakoa ya kujikinga na gesi ya sumu ndani ya boksi la kadibodi, na kwenye koti akabandikwa lebo ya jina lake. Ndiyo hiyo karatasi anayokuomba. Wazazi wengi hawakujua mtoto kafikia wapi mpaka walipopata postikadi yake.

Kijijini walipangwa ukumbini, wenyeji wakaja kuchagua. Mkulima alimtaka mvulana mwenye nguvu, mwingine akatafuta msichana nadhifu. Ndugu wengi walitenganishwa hapo hapo. Mwenyeji alilipwa shilingi 10 na peni 6 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Akichukua zaidi, shilingi 8 na peni 6 kwa kila mmoja. Nikimfikiria yule aliyebaki wa mwisho ukumbini, moyo unaniuma. Wa kwetu akipelekwa kijijini anakwenda kwa bibi yake. Hawa walipelekwa kwa mtu baki.

Kaka wa Moshi
Mwalimu, wenyeji wote tusiwaweke kapu moja. Wapo watoto waliopendwa hadi wakalia siku ya kurudi kwao. Ila wengi hawakungoja: mabomu hayakuja, na ilipofika Januari 1940 karibu nusu walikuwa wamesharudi mjini. Septemba 1940 London ikaanza kupigwa, usiku 57 mfululizo, ikabidi wahamishwe tena. Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto aliyelea watoto wa vita pale Hampstead, London, aliona kwamba kutenganishwa na mama kuliwaumiza wadogo kuliko mabomu yenyewe.

Nesi wa Mombasa
Dadangu, pole. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na mmoja. Usimbishie, na habari ya kifo cha mamake usimrudie. Kaa naye pale mlangoni. Muulize treni inakwenda wapi, mdogo wake anaitwa nani, amefungasha nini. Anachotaka ni mamake ajue wako wapi. Mpe kadi aandike.

Mama Tanga
Mwalimu, shikamoo, na asanteni nyote. Dada wa Mombasa, nimefanya ulivyosema. Jana nilinunua postikadi yenye picha ya ng'ombe, nikakaa naye kwenye viti vya mlangoni. Nilipomuuliza jina la mdogo wake alilitaja papo hapo, yeye ambaye langu hulisahau kila siku. Akaandika, mkono ukitetemeka: "Mama, tuko pamoja. Hapa kuna ng'ombe."

Nikaitia kwenye mfuko wa koti lake. Leo saa kumi na moja alisimama tena, akapapasa mfuko, akaniangalia, akakaa.

Kesho sina zamu. Nimemwandikia mwenzangu kwamba kadi iko mfuko wa kushoto.